Kutoka Ytterby hadi Makerere: Historia ya Sumaku Ndogo

Mwaka 1787, ofisa wa jeshi la Sweden, Carl Axel Arrhenius, aliokota jiwe jeusi na zito katika machimbo ya Ytterby, karibu na Stockholm. Miaka saba baadaye Johan Gadolin, mkemia wa mji wa Turku, alilichambua akakuta ndani yake kitu ambacho sayansi haikuwa imekijua. Ndivyo historia ya madini adimu ilivyoanza. Kwa kuwa elementi za madini hayo zinafanana mno kitabia, kuzitenganisha kulichukua vizazi: terbiamu ilijulikana mwaka 1843, neodimiamu mwaka 1885.

Thamani ya elementi hizi katika sumaku ilionekana wazi mwanzoni mwa miaka ya 1980, Masato Sagawa wa Japani na John Croat wa Marekani walipochanganya, kila mmoja kwa njia yake, neodimiamu, chuma na boroni.

Wengine walikuwa wakitafuta sumaku zisizoonekana kwa macho. Mwaka 1949 Mfaransa Louis Néel alieleza kwa nini punje ndogo mno ya sumaku haitulii katika mwelekeo mmoja. Mwaka 1981 Mfaransa mwenzake, René Massart, alionyesha njia nyepesi ya kuzitengeneza. Chumvi mbili za chuma huyeyushwa katika maji, kisha hutiwa amonia. Maji ya rangi ya chungwa hugeuka meusi papo hapo. Ukisogeza sumaku ubavuni mwa chombo, weusi wote hukimbilia upande huo. Watafiti huongeza gadoliniamu au disprosiamu kidogo ili kubadili tabia ya chembe hizo, zinazotafutiwa kazi katika picha za hospitalini na usafishaji wa maji.

Sayansi hii huhitaji chuo cha kuifundisha, na Uganda inacho. Makerere, Kampala, ilifunguliwa mwaka 1922 ikiwa na wanafunzi 14 waliojifunza useremala, ujenzi na umakanika. Mwaka 1949 ikawa chuo shirikishi cha Chuo Kikuu cha London, na mwaka 1970 ikawa chuo kikuu kamili. Utawala wa Idi Amin ukawatawanya wahadhiri wengi. Kujijenga upya kulihitaji marafiki. Chuo Kikuu cha Uppsala, kupitia mpango wake wa sayansi ulioanza mwaka 1961, kiliisaidia Idara ya Fizikia, na mwaka 2000 serikali ya Sweden ikaanza kugharimia utafiti Makerere. Mwanafunzi wa uzamivu alifanya sehemu ya kazi yake Uganda, sehemu katika maabara za Sweden, kisha akarudi kufundisha nyumbani.

Leo udongo wenye madini hayo adimu upo jirani. Makuutu, katika Busoga, yapata kilomita 120 mashariki ya Kampala, kuna neodimiamu, disprosiamu na terbiamu zilizoshikamana na udongo wa mfinyanzi. Hutolewa kwa kuuosha na maji yenye salfeti ya amonia, chumvi ambayo wakulima huijua kama mbolea ya SA. Januari 2024 serikali ilitoa leseni ya uchimbaji.

Uganda, basi, ina udongo na ina wanasayansi. Serikali inayotia saini mikataba ya madini iandike humo pia maabara, vifaa na nafasi za masomo kwa vijana wa Makerere. Ushirikiano unaochukua udongo na kuacha ujuzi ng'ambo haustahili jina hilo.