Pembe za Ndovu Zilizopata Uraia Bujumbura



Likizo ikikaribia, familia zenye jamaa Dubai, Muscat au Brussels huanza kufunga mizigo, na swali huwa lile lile: kipi kinapita forodha na kipi kitazuiliwa? Dagaa, asali, mbegu, ngozi, kila kimoja kina sheria yake. Leo tuzungumzie bidhaa moja iliyoufanya mji wetu ujulikane mbali sana, ingawa vijana wengi hawajapata kuisikia habari yake. Nayo ni pembe za ndovu.

Wazee wetu wengi wa Bwiza na Buyenzi wana asili ya Umanyema, ng'ambo ya ziwa. Wengi wa watu wa huko waliingia katika misafara ya karne ya 19, iliyotoa pembe Kasongo, ikapita Ujiji na Tabora mpaka Bagamoyo, kisha Unguja. Walikuwemo wafanyabiashara, walikuwemo wapagazi, na tusifiche, walikuwemo watumwa waliobeba pembe hizo mabegani. Kwa hiyo habari hii ni ya ndani ya nyumba zetu.

Wakoloni walipoingia waliweka masharti. Wajerumani walitoa amri ya uwindaji mwaka 1896. Mwaka 1900 mataifa ya Ulaya yalikutana London na kukubaliana, pamoja na mengine, kuwalinda ndovu wachanga kwa kukamata pembe zenye uzito chini ya kilo 5. Mkataba huo haukupata nguvu kamili, lakini ulianzisha njia iliyofuatwa baadaye: kuitambua pembe halali kwa uzito wake na kwa karatasi yake.

Njia hiyo ilikamilishwa na mkataba wa CITES, uliotiwa saini Washington mwaka 1973 na kuanza kazi 1975. Majirani zetu Zaire, Kenya, Tanzania na Zambia walijiunga kati ya 1976 na 1980. Burundi haikujiunga. Hapo ndipo mlango ulipobaki wazi, maana mkataba uliruhusu mwanachama kupokea mali kutoka nchi isiyo mwanachama, mradi ije na hati inayofanana na ile ya mkataba.

Basi ndugu msomaji, fikiria mwenyewe. Ndovu anauawa Tanzania, Zambia au Zaire. Pembe zinavushwa kwa magendo mpaka Bujumbura. Zikifika hapa zinapata hati ya Burundi, na tangu saa hiyo ni mali safi, zinapanda ndege kwenda Ulaya, Ghuba na Mashariki ya Mbali. Mamia ya tani yalipita hivyo kutoka nchi isiyo na hata kundi moja la ndovu! Afisa wa forodha kule zinakoshukia alikuwa anaona karatasi yenye muhuri wa serikali. Atasema nini?

Mwaka 1985 wanachama wa CITES wakaamua kwamba kuanzia 1986 kila nchi yenye ndovu itaje idadi ya pembe itakazouza kwa mwaka, na kila pembe iandikwe herufi za nchi, namba, mwaka na uzito. Lakini pembe zilizokwisha kuwa maghalani zifanyweje? Waliamua ziandikishwe zote, ili hesabu mpya ianze. Burundi ikaandikisha tani 89 na ushei, Singapore zaidi ya tani 200. Nia inawezekana ilikuwa njema, lakini mimi naona lilikuwa kosa kubwa. Pembe ya jana ilikuwa ya magendo, leo ina namba ya kimataifa, na bei yake ikapanda kwa wino tu. Waliofaidika ni waliokuwa wameficha nyingi zaidi.

Baada ya mapinduzi ya Septemba 1987, serikali mpya ya Meja Pierre Buyoya iliifunga biashara hiyo, na mwaka 1988 Burundi ikajiunga na CITES. Lakini porini hali ilikuwa mbaya. Ndovu wa Afrika waliokadiriwa kuwa milioni 1.3 mwaka 1979 walikuwa wamebaki kama 600,000 miaka kumi baadaye. Julai 1989 Rais Moi akachoma tani 12 za pembe Nairobi, na Oktoba mwaka huo, mkutano wa Lausanne ukapiga marufuku biashara ya kimataifa, marufuku iliyoanza Januari 1990. Hapo hati ya Bujumbura ikakosa mnunuzi. Shehena kubwa ikabaki imefungiwa ghalani hapa mjini, ina namba, ina hati, na haiuziki.

Sasa turudi kwenye begi la safari. Huenda kwenu ipo bangili ya pembe aliyoacha bibi, au kipini cha kisu cha babu. Ni urithi. Ila ukiuvusha mpaka bila kibali cha CITES, afisa ana haki ya kuuchukua, na huenda ukafunguliwa mashtaka. Usimwambie kwamba ni wa zamani sana ukadhani inatosha, atataka uthibitisho wa maandishi. Na ikiwa kibali hakijapatikana, bangili ya bibi mwachie dada yako hapa hapa Bwiza, naye aivae siku ya Idi.