MSUMENO MWEMBAMBA NA NAKSHI ZA MBAO: ULIKOTOKA NA PA KUANZIA



Kila likizo ndefu inapokaribia wazazi huulizana swali lile lile: vijana wakae nyumbani wafanye nini? Safari hii naomba niwaeleze habari ya kifaa kimoja cha seremala ambacho watu wengi wameona kazi yake bila kukiona chenyewe. Ni ule msumeno wenye uzi mwembamba wa chuma, wa kutobolea nakshi katika ubao. Mimi nitauita msumeno wa nakshi, ingawa mafundi wa mitaani kila mmoja ana jina lake.

Nilikutana nao hapa Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, nikiwa na miaka kumi na mitatu. Mjomba wangu alikuwa amekunja nondo nyembamba ikawa kama upinde, akafunga uzi wa msumeno baina ya ncha mbili, na mpini akauchonga mwenyewe kwa kipande cha mvule. Siku ya kwanza nilikata nyuzi tatu. Hakunigomba, bali aliniambia: "Mwanangu, wewe unasukuma. Huu hausukumwi, unaongozwa." Nyuzi zenyewe zilikuwa haba na ghali, na siku ya pili alinipa moja tu.

KAZI YAKE HASA

Msumeno wa kawaida hukata kwa mstari ulionyooka na huanzia ukingoni mwa ubao. Ukitaka kutoa tundu lenye umbo la jani katikati ya ubao, bila kuugusa ukingo, msumeno huo hauna msaada. Huu mwembamba, ambao uzi wake una upana wa kama milimita moja tu, hufanya hivi: unatoboa kitundu kidogo kwa keekee, unafungua ncha moja ya uzi, unaupitisha tunduni, unaufunga tena na kuukaza, kisha unazunguka umbo lako mpaka kipande kidondoke. Hiyo ndiyo siri yote ya zile mbao zinazofanana na lesi.

Sasa, mbona watu wa kale hawakuwa nao? Misumeno ilikuwapo tangu zama za Mafirauni wa Misri, ya shaba. Lakini shaba haiwezi kuwa nyembamba kama uzi, ikakazwa kwa nguvu na isikatike. Hata Italia katika karne ya 15, mafundi waliopamba kuta na viti kwa vipande vya mbao za rangi mbalimbali walivikata kwa kisu. Kilichohitajika ni chuma cha pua kilichokuwa chembamba, kigumu na chenye kunyumbulika kwa pamoja. Vitabu vya useremala vya Ulaya husimulia kwamba nyuzi za kwanza zilitokana na spring'i za saa, na kwamba aliyeanzisha alikuwa fundi saa wa Ujerumani katika karne ya 16. Jina lake halikubaki. Wajerumani mpaka leo huuita kwa jina lenye maana ya "msumeno wa majani", kwa sababu ya majani na maua yaliyokatwa kwao.

FUNDI WA LOUVRE

Aliyeufikisha msumeno huu kileleni ni seremala wa Paris, André-Charles Boulle, aliyezaliwa mwaka 1642. Mwaka 1672 alipewa makazi na karakana katika kasri la Louvre, wakati wa Mfalme Louis wa 14. Kazi yake ilikuwa kabati, meza na saa zilizofunikwa kwa nakshi za shaba ya njano na magamba ya ng'amba.

Hapa msomaji wa pwani asite kidogo. Ng'amba ni kasa wa bahari yetu. Kitabu cha safari za baharini kilichoandikwa kwa Kigiriki karne ya kwanza, kiitwacho Periplus, kinataja magamba ya kasa miongoni mwa bidhaa zilizonunuliwa Rhapta, mji wa biashara katika pwani ya Afrika Mashariki. Kwa hiyo magamba hayo yalikuwa yakivuka bahari karne nyingi kabla hajazaliwa fundi wa Louvre. Leo ng'amba yu hatarini kutoweka, na biashara ya kimataifa ya magamba yake imepigwa marufuku. Basi kijana asije akaniambia anataka kuiga kazi ya Boulle kwa vifaa vile vile!

Namna yake ya kufanya kazi inafaa kuelezwa, kwani mpaka sasa hutumika. Alichukua bamba la shaba na bamba la gamba, akaviweka pamoja kama mkate na siagi, akabandika mchoro juu, akavikata vyote kwa mpito mmoja wa msumeno. Alipotenganisha, alikuwa na maua ya shaba na maua ya gamba yaliyolingana kabisa. Maua ya shaba yaliingia katika tundu za gamba, na maua ya gamba yakaingia katika tundu za shaba. Kutokana na kukata mara moja alipata mapambo mawili, moja kinyume cha jingine, na takriban hakuna kilichotupwa. Mimi naona hesabu hii ni nzuri kuliko hata hayo mapambo yenyewe.

Mwaka 1720 moto uliteketeza karakana yake, na ndani yake michoro na picha alizozikusanya maisha yake yote. Alikuwa mzee wa miaka zaidi ya 70. Aliishi na hasara hiyo mpaka alipofariki mwaka 1732.

Baadaye mafundi wa Ufaransa wakatengeneza benchi maalumu ambalo mtu hulikalia kama anayepanda mnyama, mguu ukibana ubao, mkono mmoja ukivuta msumeno na mwingine ukigeuza kazi. Waingereza wakaliita punda.

RAMANI, CHEREHANI NA GAZETI

Katika miaka ya 1760, mchora ramani wa London aitwaye John Spilsbury alibandika ramani juu ya ubao, akaikata kwa kufuata mipaka ya nchi, akaiuza ili watoto wajifunze jiografia kwa kuunganisha vipande. Ndiyo asili ya ule mchezo wa kuunganisha vipande vya picha ambao watoto wetu huuona madukani. Jina lake la Kiingereza limetokana na msumeno, ingawa siku hizi vipande hivyo ni vya karatasi ngumu na hukatwa kwa mashine ya kugandamiza.

Mageuzi makubwa yalikuja karne ya 19. Ile akili ya cherehani ya kukanyaga ilihamishiwa kwenye msumeno: mguu unakanyaga, gurudumu linazunguka, uzi unapanda na kushuka wima, na mikono yote miwili inabaki huru kuongoza ubao. Katika miaka ya 1870, kampuni ya W. F. & John Barnes ya Rockford, Illinois, huko Marekani, ilikuwa ikiuza mashine za namna hiyo, na mojawapo ilikuwa na kiti na pedeli kama baiskeli. Wanaume, wanawake na watoto wakazinunua kwa ajili ya kazi za nyumbani. Nyumba za mbao nazo zikavishwa lesi za mbao kuanzia paa mpaka baraza. Anayetaka kuziona, zipo bado Oak Bluffs, Massachusetts. Zipo pia Port-au-Prince, mji mkuu wa Haiti, na tetemeko la mwaka 2010 lilipoangusha majengo mengi ya zege, nyingi katika nyumba hizo za mbao zilibaki zimesimama.

Uingereza nako, mwaka 1895 lilianzishwa gazeti la kila wiki liitwalo Hobbies, la kampuni yenye kiwanda mji wa Dereham. Gazeti lilikuja na karatasi ya mchoro wa bure, na kampuni hiyo hiyo ikauza msumeno, nyuzi na mbao. Biashara ya busara: anayepewa mchoro bure atanunua uzi!

Mashine za umeme zilifuata karne ya 20. Nyingi zilishika uzi kwa mkono wa chuma usiosogea na spring'i juu yake, na nyuzi zikakatika ovyo. Kuanzia miaka ya 1970 mashine za Kijerumani za Hegner zilienea, zenye mikono miwili, ya juu na ya chini, inayopanda na kushuka pamoja huku uzi umekazwa sawasawa wakati wote. Wazo hilo halikuwa geni. Mashine nyingi za kukanyaga za babu zao zilikuwa na mikono miwili ya mbao.

KARIBU NA NYUMBANI

Milango ya Zanzibar na Lamu ni sifa ya patasi na nyundo, siyo ya msumeno huu. Lakini inua macho juu ya mlango, utazame baraza za ghorofani zilizojengwa na mafundi wa Kihindi, hasa zile za mwisho wa karne ya 19. Hapo ndipo utaona mbao zilizotobolewa na kukatwa mawimbi. Ziko Mji Mkongwe wa Zanzibar na ziko mji wa kale wa Mombasa.

Mfano wa kutajwa kwanza ni Zahanati ya Zamani, pale Mizingani, Zanzibar, karibu na bandari. Aliyeijenga ni tajiri Tharia Topan, mzaliwa wa Kutch, India. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1887. Yeye alifariki mwaka 1891 kabla jengo halijakamilika, na mjane wake akaliendeleza mpaka likamalizika mwaka 1894. Baadaye likatumika kama zahanati, kisha likachakaa vibaya. Katika miaka ya 1990 Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni ulilikarabati, na baraza zake za nakshi zikarudi kuwa kama mwanzo. Kazi ya aina hiyo haifanywi na injinia peke yake. Lazima apatikane mtu anayejua kuupima ubao uliooza, kuuchora upya na kuukata.

Watu hao wakikosekana, athari yake si ndogo. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultan Barghash la mwaka 1883, iliporomoka wakati wa ukarabati na watu wawili wakafa. Sisemi kwamba jumba lilianguka kwa kukosa msumeno. Nasema jengo la zamani linataka mikono mingi inayolijua, kwa miaka mingi, na baraza ya mbao inayooza mwaka huu haingojei mpaka kijana amalize chuo.

UKITAKA KUANZA

Huhitaji mashine. Upinde wa mkono, nyuzi chache, kipande cha plaiwudi cha milimita 3 au 4, msasa, gundi na keekee ndogo vinatosha. Chini ya ubao weka kibao chenye mwanya wa umbo la V, kilichobanwa ukingoni mwa meza, ili ubao ulale na uzi upite katika mwanya. Meno ya uzi yaelekee chini, maana kazi hukatwa wakati wa kuvuta chini. Ukaze uzi mpaka ukiudonoa kwa kidole utoe sauti nyembamba kama ya udi. Ukilegea utapinda na kukatika. Nyuzi huuzwa kwa namba, na kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo uzi unavyokuwa mnene. Anayeanza asichukue zile nyembamba kabisa.

Kwa wenye uwezo wa kununua mashine ya umeme, nyuzi zake za kawaida zina urefu wa inchi 5. Wazazi wasimamie, na barakoa ivaliwe. Vumbi la mvule huwasha pua na ngozi, nalo mtu hulidharau mpaka limpate.

Anza na mawimbi, halafu pembe. Pembeni usiukunje uzi kwa nguvu. Endelea kuucheza juu na chini pale pale huku ukigeuza ubao taratibu. Mchoro mzuri wa kwanza ni nyota ya pembe nane, nayo hupatikana kwa miraba miwili iliyolaliana, mmoja umegeuzwa nyuzi 45. Mwanafunzi yeyote mwenye bikari na rula anaiweza.

Na kabla ya kukata, paka penseli sehemu zote zitakazotoka. Mimi sikupaka. Mjomba alinipa kazi ya kutoboa nyota mbili katika marfaa, kile kibao cha kuwekea Msahafu, na badala ya kutoa vipembe vya pembeni nikakata nyota yenyewe, ikadondoka miguuni pangu nzima. Mjomba aliiokota, akaipiga msasa, akaibandika kwa gundi juu ya ubao wa pili ambao ulikuwa haujaguswa. Marfaa ile ina nyota moja ya tundu upande huu na nyota moja ya kubandika upande wa pili. Bibi yangu aliitumia miaka yote, na wageni walipouliza alisema ndivyo ilivyochorwa.