Fishi ya mgonjwa ndani ya kompyuta: juu ya nini wauguzi wengi bado wanashika kalamu

Katika hospitali nyingi za mashariki mwa Congo, historia ya mgonjwa iko kwenye karatasi: fishi, daftari, rejista kubwa ya uzazi. Karatasi inaloa, inachanika, inabaki nyuma wakati watu wanakimbia vita. Mama mjamzito anayetoka Masisi na kufika Goma bila fishi, munganga anaanza naye upya: mimba ya ngapi, amepasuliwa mara ngapi, dawa gani inamdhuru. Kwa mgonjwa wa kifua kikuu ao wa UKIMWI, kupoteza fishi kunaweza kukatisha dawa isiyopaswa kukatwa.

Juu ya hiyo, inchi nyingi zenye uwezo mdogo zimejaribu dosie ya kielektroniki. Kununua mashini ni kazi ya siku chache. Kuifanya izoeleke kwa wafanyakazi ndiyo kazi ya miaka.

Tusichanganye vitu viwili

Dosie ya kielektroniki ni fishi ya mtu mmoja: jina lake, vipimo vyake, dawa alizopewa, siku ya kurudi. DHIS2 ni kitu kingine. Programu hiyo, iliyotoka Chuo Kikuu cha Oslo huko Norwe, inatumiwa na wizara ya afya ya RDC kukusanya ripoti za zone za afya 519 za inchi. Ripoti hizo zinahesabu: wagonjwa wangapi wa malaria mwezi huu, wamama wangapi wamezaa. Hazimwambii muuguzi kama mgonjwa aliye mbele yake alishakunywa dawa gani. Kwa hiyo, kompyuta kuwa katika biro ya zone haimaanishi kwamba hospitali iko na dosie ya kielektroniki.

Mifano ya majirani

Kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret nchini Kenya, kilianza kutumia kompyuta kwa wagonjwa mwaka wa 2001. Watafiti walipima muda kabla na kisha. Mgonjwa alimaliza ziara yake kwa muda uliopungua 22%. Lakini dakika zake mbele ya mhudumu pia zilipungua, kwa 58%. Kwa hiyo mashini inaokoa wakati, lakini haihakikishi kwamba wakati huo utarudi kwa mgonjwa. Hilo linaamuliwa na wakubwa wa hospitali.

Malawi, kazi ilianzia Lilongwe mwaka huohuo wa 2001, kwa mashini zinazoguswa kwa kidole. Muuguzi asiyejua kupiga herufi alifuata maswali moja kwa moja. Mashini zilichaguliwa zile zinazokula umeme kidogo, zikiwa na betri. Mwaka wa 2004 ilianza OpenMRS, programu ya bure ambayo Kenya na Rwanda waliitumia tangu 2006, kwanza kwa wagonjwa wa UKIMWI.

Juu ya nini wafanyakazi wanasita

Sababu ya kwanza ni kuandika mara mbili. Kompyuta inafika, lakini rejista ya karatasi haiondolewi, na ripoti ya mwezi bado inatakiwa. Muuguzi mmoja mbele ya foleni ya watu makumi atachagua kalamu, halafu kompyuta itajazwa usiku, ao haitajazwa.

Ya pili ni umeme. Ukikatika katikati ya kazi mara mbili tatu, imani inaisha. Ya tatu ni mshahara: wauguzi wengi hawalipwi na serikali, na kazi mpya bila malipo inaonekana kama mzigo. Ya ine ni woga: wengine wanadhani mashini imewekwa ili kuwapeleleza, na wale wa umri mkubwa wanaona haya kufundishwa na vijana mbele ya wagonjwa.

Halafu kuna mradi unaoisha. Mfadhili akienda, nani atatengeneza mashini iliyokufa?

Kile kinachosaidia

Fasi ambapo kazi imeshika, mara nyingi mambo haya yanaonekana: tarehe ya kuacha rejista ya zamani inajulikana, kuna mtu wa karibu wa kutengeneza, betri ao paneli za jua ziko, na muuguzi mwenyewe anafaidika, kwa mufano ripoti ya mwezi inatoka yenyewe. Akiona hiyo, hahitaji kusukumwa.

Na siri ya mgonjwa?

Karatasi inaweza kusomwa na mtu mmoja akipita. Kompyuta isiyofungwa vizuri inaweza kufungua majina ya mamia. RDC iko na Kodi ya Dijitali, sheria ya tarehe 13 Machi 2023, inayolinda habari za mtu binafsi, na sheria ya 2008 inalinda wenye kuishi na VVU. Kila mfanyakazi awe na neno lake la siri, asiliazime kwa mwenzake.

Mkaaji naye ana haki ya kuuliza: nani anasoma dosie yangu? Nikihamia zone nyingine, nitaipata namna gani? Kwa sasa, chunga fishi yako ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na kadi ya chanjo ya mtoto. Ukiwa na simu, piga picha ya kila ukurasa. Jifunze pia majina ya dawa unazokunywa kila siku, ili uweze kuyataja hata fishi ikipotea.