Dili la Sony lililokufa: Bifu la Ruthless na Death Row kabla ya Tupac na Biggie

Taja bifu la hip hop mbele ya mtu aliyekuwa kijana Dar es Salaam au Nairobi miaka ya 1990, atakujibu kwa majina mawili: Tupac na Biggie. Sura zao zilichorwa kwenye kuta za vinyozi na ubavuni mwa matatu, na vijiweni watu waligawanyika upande huu na ule kama Simba na Yanga. Lakini kabla ya Pwani ya Mashariki na Pwani ya Magharibi kunyoosheana vidole, kulikuwa na ugomvi mwingine, wa nyumba moja, uliowahusu watu waliokulia maeneo yale yale ya Los Angeles. Ugomvi huo ndio uliozaa lebo ya Death Row. Na ukiufuatilia hadi chanzo chake, unakutana na makaratasi zaidi ya bunduki: mkataba mmoja uliosainiwa, mwingine uliokataliwa, na wa tatu ambao Sony ilikaribia kuumaliza kisha ikaukimbia.

Tuanze na Compton, mwaka 1987. Eric Wright, aliyejiita Eazy-E, alikuwa kijana mfupi mwenye fedha taslimu, na hakuwahi kuficha kwamba alizipata kwa kuuza dawa za kulevya. Andre Young, yaani Dr. Dre, alikuwa DJ wa kundi la World Class Wreckin' Cru, vijana wa disko waliopanda jukwaani wakiwa na mavazi yanayometameta. Eazy akaanzisha lebo, Ruthless Records. Kazi yake ya kwanza ilikuwa "Boyz-n-the-Hood", mashairi ya kijana mwingine aliyeitwa Ice Cube. Wimbo huo waliandikiwa vijana wa kundi moja kutoka New York, wakaukataa. Studio ilishalipiwa na biti ilikuwa tayari, basi Dre akamshawishi mwenye fedha aingie mwenyewe kwenye kipaza sauti. Eazy hakuwa rapa. Alirekodi mstari mmoja mmoja, akirudia na kurudia, na sauti ile nyembamba, ya mtu asiye na papara, ndiyo iliyokuja kuwa chapa yake.

Santuri zilichapwa Macola, kiwanda cha Hollywood ambacho mtu yeyote mwenye fedha na kanda alikaribishwa. Kuuza ilikuwa kazi nyingine. Mzigo ulipakiwa kwenye buti la gari, ukapelekwa maduka ya mitaani na kwenye gulio la Roadium kule Torrance. Pale kulikuwa na kibanda cha Steve Yano, muuza santuri ambaye wateja wake walikuwa vijana wa Compton wasiosubiri redio iwaambie kipi ni kipya. Anayewajua wauza kanda wa Kariakoo wa zama zile ataielewa biashara hiyo bila maelezo zaidi.

Kilichokosekana ni mtu wa kuwafungulia milango ya kampuni kubwa. Eazy alimpata Jerry Heller, meneja wa makamo aliyewahi kusimamia ziara za Elton John na Pink Floyd Marekani miaka ya 1970. Heller alisimulia katika kitabu chake kwamba Eazy alimlipa Alonzo Williams, kiongozi wa Wreckin' Cru, dola 750 ili tu amkutanishe naye. Wawili hao wakalipeleka N.W.A, kundi la Eazy, Dre, Ice Cube na wenzao, kwa Priority Records, kampuni ambayo hadi hapo fedha yake nzuri ilitokana na vikaragosi vya zabibu kavu vinavyoimba kwenye matangazo ya televisheni. Albamu ya "Straight Outta Compton" ikatoka mwaka 1988. Mwaka uliofuata ofisa mmoja wa FBI aliiandikia Priority barua ya kulalamikia wimbo unaowashambulia polisi, na barua hiyo ikawa tangazo ambalo lebo isingeweza kulinunua kwa fedha yoyote.

Hapo ndipo hesabu zilipoanza kuleta maneno.

Ice Cube, aliyeandika sehemu kubwa ya mashairi ya albamu hiyo, amesimulia mara nyingi jinsi alivyowekewa mezani mkataba na hundi ya dola 75,000 wakati wa ziara ya mwaka 1989. Wenzake walisaini. Yeye, kijana wa miaka 20, akasema anataka kwanza wakili wake ausome. Akaambiwa fedha ni hiyo hapo, saini uichukue. Akaiacha. Miezi michache baadaye alikuwa ameshaondoka kundini, na mwaka 1990 akatoa albamu yake ya kwanza peke yake akiwa na watayarishaji wa New York, bila kuiomba Ruthless ruhusa. Wenzake walimtukana kwenye nyimbo, naye akawajibu kwa ukali zaidi, lakini hakuna aliyeweza kumburuta mahakamani kwamba amevunja mkataba, kwa kuwa mkataba wenyewe haukuwapo.

Dr. Dre alikuwa amesaini, na tofauti ya maisha ya wawili hawa kwa miaka mitatu iliyofuata inatokana na hilo tu. Dre ndiye aliyekuwa injini ya Ruthless. Albamu ya Eazy, ya The D.O.C., ya Michel'le, zote zilipita mikononi mwake. Alipoanza kuuliza mbona mapato yake hayalingani na kazi, alijikuta amefungwa kama prodyuza na kama msanii. Aliyemsaidia kuuliza kwa sauti kubwa alikuwa Suge Knight, mchezaji wa zamani wa futiboli ya Marekani aliyegeuka mlinzi wa wasanii, kisha mtu wa kuwadaia wasanii haki zao kwa njia zake mwenyewe.

Na hapa kuna kipande kinachotuhusu moja kwa moja. Suge alikuwa akimdai Vanilla Ice haki za wimbo wa "Ice Ice Baby" kwa niaba ya rafiki yake aliyesema alishiriki kuutunga. Uvumi ulienea kwamba alimning'iniza rapa huyo nje ya ghorofa, kichwa chini. Vanilla Ice mwenyewe amekanusha kuning'inizwa, ila amekiri kwamba alipelekwa kwenye roshani, akaonyeshwa chini, na akasaini. Sehemu ya mirabaha hiyo inatajwa kuwa miongoni mwa fedha za kwanza za Death Row. Sasa, mwaka 1991 jijini Dar es Salaam, Saleh Jabri alishinda shindano la Yo Rap Bonanza kwa toleo lake la Kiswahili la wimbo huo huo wa "Ice Ice Baby", na rap ya Kiswahili ikapata njia. Wimbo mmoja, mwepesi na wa kuchezeka, ulisaidia kuzaa lebo iliyoogopwa kuliko zote Marekani, na huku kwetu ukafungua ukurasa wa muziki ambao leo ni ajira ya maelfu ya vijana.

Turudi Los Angeles. Aprili 1991, kwa mujibu wa madai aliyoyapeleka mahakamani, Eazy-E aliitwa kwenye studio za SOLAR aonane na Dre. Hakumkuta Dre. Alimkuta Suge na watu wenye vipande vya mabomba ya chuma na marungu ya besiboli, akaambiwa kwamba Heller ameshikiliwa ndani ya gari na kwamba makazi ya mama yake yanajulikana. Akasaini karatasi za kuwaachia Dre, Michel'le na The D.O.C. Suge alikana kumtishia mtu. Mimi naona hata ukiamini upande wa Suge, karatasi iliyopatikana namna hiyo haikuwa na thamani ambayo waliodhani wameshinda waliifikiria, na yaliyofuata yanalithibitisha jambo hilo.

SOLAR ilikuwa mali ya Dick Griffey, mfanyabiashara Mweusi wa muziki aliyeheshimika, aliyewatoa Shalamar na The Whispers. Alikuwa na usambazaji wa Sony mkononi. Mpango wa awali ulieleweka: Griffey, Suge, Dre na The D.O.C. wangejenga lebo mpya, ile iliyokuja kuwa Death Row, na Sony ingetia mtaji na kusambaza. Mwaka 1992 ulitoka "Deep Cover", wimbo wa filamu, chini ya SOLAR na Epic, tawi la Sony. Ndani yake dunia ikamsikia kwa mara ya kwanza kijana mwembamba wa Long Beach mwenye sauti ya kuvuta, Snoop Doggy Dogg. Kwa vipimo vyote, Sony ilikuwa imekalia dhahabu.

Ikaondoka. Ruthless ilidai kwamba Dre bado ni mali yake kimkataba kwa sababu alitolewa kwa vitisho, ikafungua kesi ya shirikisho ikitumia RICO, sheria ya mwaka 1970 iliyotungwa kuwabana mafia, na ikaiunganisha Sony humo humo. Mahakama baadaye iliyatupa madai hayo ya uhalifu wa kupangwa. Lakini kampuni kubwa haisubiri hukumu ndipo iogope. Kuitwa tu kwenye shauri la namna hiyo kulitosha kuifanya Sony ione kwamba albamu ya Dre inakuja na kesi ndani yake. Dili likafa. Dre akabaki na kanda za "The Chronic" zikiwa karibu kukamilika, bila msambazaji, huku lebo nyingine nazo zikimkwepa.

Aliyeichukua ni Jimmy Iovine wa Interscope, kampuni aliyoianzisha na Ted Field mwaka 1990. Iovine hakuwa mtu wa hip hop. Alikuwa fundi mitambo wa studio aliyefanya kazi na John Lennon na Bruce Springsteen, na kilichomshtua kwenye kanda za Dre ni usafi wa sauti: besi nzito isiyofunika maneno, kila chombo mahali pake. Akauliza nani fundi wa hii kazi, akajibiwa ni Dre mwenyewe. Kisha akafanya kile ambacho Sony haikukifanya. Alikaa mezani na Ruthless na kukubali kuilipa Eazy-E sehemu ya mapato ya Dre, kwa miaka kadhaa.

"The Chronic" ilitoka Desemba 15, 1992. Humo na kwenye video zake Eazy anadhihakiwa waziwazi. Kuna hata mwigizaji aliyevalishwa nywele za kimanga na miwani myeusi, akimwiga. Watu wakacheka. Kumbe kila nakala iliyouzwa, anayechekwa alikuwa na chake ndani. Oktoba 1993 Eazy akajibu kwa kazi fupi iliyomtaja Dre kwenye jina lake, ikiwa na picha ya zamani ya Dre wa Wreckin' Cru na mavazi yake ya kumetameta, na akajigamba kwamba matusi ya Dre ndiyo mshahara wake. Kwa maoni yangu hilo ndilo jibu zuri kuliko yote katika historia ya mabifu ya rap, kwa kuwa lilikuwa la kweli kimahesabu. Na msambazaji wa kazi hiyo alikuwa Relativity, kampuni ambayo Sony ilikuwa na hisa ndani yake. Sony iliyoikosa "The Chronic" kwa kumwogopa Eazy ikawa inavuna kwa Eazy anayemtukana Dre.

Mwezi uliofuata ilitoka "Doggystyle" ya Snoop, ikauza zaidi ya nakala 800,000 katika wiki yake ya kwanza. Eazy hakuishi kuona mwisho wa mashindano. Alifariki kwa UKIMWI Machi 26, 1995, siku kumi tu baada ya kutangaza ugonjwa wake, wakati ambapo hapa kwetu pia familia nyingi zilikuwa zikiuzika ukweli huo pamoja na marehemu. Yeye aliusema.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi. Oktoba 1995 Tupac alitoka gerezani kwa dhamana ya dola milioni 1.4 baada ya kusaini na Death Row mkataba wa kurasa tatu ulioandikwa kwa mkono. Suge akatangaza Death Row East, tawi la kuingia New York, nalo likafa kabla ya kutoa albamu hata moja, kwa sababu Tupac alipigwa risasi Las Vegas Septemba 7, 1996 na kufariki siku sita baadaye. Biggie aliuawa Los Angeles Machi 1997. Death Row yenyewe ilifilisika mwaka 2006, baada ya Lydia Harris, aliyedai kuwa yeye na mumewe ndio walioweka mtaji wa mwanzo, kupewa na mahakama haki ya kulipwa dola milioni 107.

Dre alikuwa ameshaondoka mapema mwaka 1996, safari hii bila kanda wala kelele, akianzisha Aftermath chini ya Iovine. Wengi walimwona mjinga kwa kuacha nyuma kila alichokijenga. Lakini katika makubaliano ya kuondoka, Death Row iliruhusiwa kuendelea kuuza "The Chronic" kwa njia zilizokuwa zikitumika wakati huo, basi. Mwaka 2011 jaji wa shirikisho aliamua kwamba mauzo ya mtandaoni hayamo katika njia hizo, na kwamba mapato yake ni ya Dre. Mwaka 2022 Snoop aliinunua chapa ya Death Row. Na Februari 2023 "The Chronic" ilirudi kwenye majukwaa ya kusikilizia muziki mtandaoni, kupitia Interscope.