Tamthilia za Kale na Mwongozo wa Mwalimu: Kutoka Wittenberg hadi Masomo ya Intaneti

Martin Luther alipoingia katika nyumba ya watawa wa Augustino mjini Erfurt mwaka 1505, aliacha vitabu vyake vyote isipokuwa viwili: mashairi ya Virgil na michezo ya kuigiza ya Plautus. Jambo hili hutajwa mara chache katika mafundisho ya historia ya Kanisa, labda kwa sababu Plautus aliandika michezo ya kuchekesha, yenye watumwa wajanja na vijana watukutu, nasi hatujui tumweke wapi katika chumba cha mtawa. Lakini laonyesha kwamba tamthilia za kale zilikuwa karibu na Matengenezo ya Kanisa hata kabla Matengenezo yenyewe hayajaanza.

Katika makala hii twakusudia kuchunguza jinsi tamthilia hizo zilivyofundishwa huko Wittenberg, kisha tuyatazame masomo yatolewayo siku hizi kwa njia ya intaneti, ambayo mwanafunzi wa theolojia aweza kuyafuata hata akiwa mbali na maktaba kubwa. Swali letu ni moja: amwongozaye msomaji wa tamthilia ana kazi gani?

Philipp Melanchthon alifika Wittenberg mwaka 1518, akiwa na umri wa miaka 21, kuwa mwalimu wa Kiyunani. Miaka miwili kabla ya hapo alikuwa amekwisha kutoa chapa ya michezo ya Terentius. Nyumbani kwake aliendesha shule ndogo ya wavulana, na wavulana hao hawakuisoma michezo tu, bali waliiigiza: Eunuchus ya Terentius, Hecuba ya Euripides, Thyestes ya Seneca. Mwalimu mwenyewe aliwatungia maneno ya utangulizi ya kusemwa mbele ya watazamaji. Kisha, mwaka 1528, maagizo kwa wakaguzi wa makanisa na shule za Sachsen yalitaka wanafunzi wa kundi la pili waanze na hekaya za Aesop, halafu wamjifunze Terentius kwa moyo, na baada yake michezo ya Plautus iliyo safi. Twaona, basi, kwamba mwanafunzi alipandishwa ngazi kwa ngazi, naye hakuhesabiwa kuwa ameyajua maneno mpaka yatoke kinywani mwake.

Walikuwapo Wakristo waliochukizwa. Wapagani hawa, walisema, wana mapenzi ya aibu katika michezo yao. Luther, kama mazungumzo yake ya mezani yanavyosimulia, alijibu kwamba vijana hujizoeza Kilatini kwa michezo hiyo na kuwaona watu wa kila hali wakitenda yawapasayo au wakishindwa; na kama uchafu ungekuwa sababu ya kukiacha kitabu, Wakristo wasingeweza kuisoma hata Biblia. Katika Biblia yake ya mwaka 1534 aliandika dibaji za vitabu vya Yudithi na Tobiti, akidhani kwamba yumkini Wayahudi waliviigiza kama Wayunani walivyoigiza vyao: Yudithi kikiwa tanzia, yaani mchezo wa msiba, na Tobiti kikiwa mchezo wa furaha.

Hata hivyo hatuwezi kumsifu Melanchthon kwa yote. Katika waraka wake wa mwaka 1545 juu ya kusoma tanzia na michezo ya kuchekesha, alifundisha kwamba tanzia zote zina fundisho moja: yuko Mungu atawalaye, aadhibuye maovu. Mwanafunzi aliyepewa fundisho hilo mapema aliingia katika mchezo akiwa na jibu mkononi. Kwa Thyestes jibu hilo lafaa. Kwa Mfalme Oedipus wa Sophocles halitoshi kabisa, kwa maana Oedipus alimwua baba yake na kumwoa mama yake pasipo kuwajua, na Sophocles mwenyewe, katika mchezo wa baadaye juu ya Oedipus mzee, amemfanya ajitetee kwa hoja hiyo hiyo.

Tukae kidogo na mchezo huu. Tauni imeushika mji wa Thebe. Watu wanakuja kwa mfalme, na mfalme anaapa kumtafuta aliyeuleta msiba na kumlaani asiyemjua. Kwanza anamshitaki Tiresias, mzee kipofu. Kisha anamshitaki Creon, shemeji yake. Mwisho anajikuta yeye mwenyewe. Sisi tunaohudumu katika nchi ambayo bibi vizee wameuawa kwa kushukiwa uchawi hatuwezi kusoma hatua hizo kama habari za Wayunani tu. Mvua ikikosekana au mtoto akifa, swali la kwanza huwa ni nani aliyefanya. Na mtu wa kwanza kutajwa huwa yule asiye na wa kumtetea.

Sasa tutazame masomo ya intaneti. Mwaka 2013 Profesa Gregory Nagy wa Harvard alianzisha somo lililo wazi kwa watu wote juu ya mashujaa wa Kiyunani, lililogawanywa katika sehemu 24. Sehemu kadhaa zahusu tanzia, na msomaji hufundishwa kusoma polepole, kifungu kifupi kwa kifungu kifupi, akilifuata neno moja linavyorudi. Mwezi wa Machi 2020, majumba ya michezo yalipofungwa kwa sababu ya UVIKO-19, kituo cha elimu ya Kiyunani cha Harvard kilichoko Washington kilianza, pamoja na waigizaji, mfululizo wa kusoma tanzia kwa sauti. Kila mwigizaji alikuwa nyumbani kwake mbele ya kamera. Onyesho lilisomwa, kisha wataalamu na waigizaji wakalijadili. Kwa maoni yetu njia hii ya pili inakaribia zaidi nyumba ya Melanchthon, na inaishinda katika jambo moja: mazungumzo hufuata baada ya sauti, na fundisho halitangulii.

Kasoro yake ni kwamba mwanafunzi aweza kutazama hadi mwisho bila kufungua kinywa. Dawa yake tunayo. Samuel Mushi alitafsiri mchezo wa Oedipus kwa Kiswahili, nao ulichapishwa mwaka 1971 kwa jina la Mfalme Edipode. Watu sita au saba wenye nakala moja na rekodi ya somo wanaweza kusoma onyesho kwa sauti kwanza, ndipo waangalie wataalamu wanasema nini.

Tungependa waanze na onyesho la mzee wa kondoo, ambaye kwa Kiswahili hatuna jina jingine la kumwita ila mchungaji. Zamani aliagizwa amtupe mtoto mchanga. Akamhurumia, akampa mwenzake. Sasa ni mzee, anajua siri ya nyumba nzima, na mfalme anamlazimisha kusema huku akimtisha kwa mateso. Mzee anasihi asiulizwe zaidi. Hapo msomaji anyamaze, kitabu kifunikwe, na wanafunzi waulizwe kama mchungaji huyu afaa kusema au kunyamaza, na kama huruma yake ya kwanza ilikuwa kosa.