Vitabu Vilivyotolewa Pamoja na Posho: Maktaba katika Historia ya Kolwezi

Mji wa Kolwezi haukuanzishwa na mfalme wala na msafara wa biashara. Ulianzishwa mwaka 1937 na Union Minière du Haut-Katanga, kampuni ya Wabelgiji iliyozaliwa mwaka 1906, kwa kuwa migodi ya upande wa magharibi ilihitaji makao yake. Kampuni ndiyo iliyojenga nyumba, ikapima unga wa posho, ikaweka hospitali, shule na uwanja wa mpira. Kitabu nacho kiliingia Kolwezi kwa mlango huohuo. Anayetaka kuelewa habari za maktaba katika mkoa wa Lualaba aanzie hapo.

Mwanzoni kampuni haikuwa na haja ya wasomaji. Ilitaka mikono. Hadi miaka ya 1920 wafanyakazi waliletwa kwa mikataba mifupi kutoka Rhodesia ya Kaskazini, Kasai na kwingineko. Wengi walikufa kwa maradhi, wengine wakatoroka. Kufikia mwaka 1928 hesabu zilibadilika: mkataba ukawa wa miaka mitatu, mume akaruhusiwa kuja na mkewe, na watoto wakaanza kuzaliwa kambini. Mtoto aliyezaliwa kambini ilibidi asome mahali fulani. Kazi hiyo walipewa wamisionari, hasa Wabenedikto wa Askofu Jean-Félix de Hemptinne, na hivyo serikali, kampuni na kanisa zikashirikiana kumlea mtoto wa mchimbaji. Elimu yenyewe ilikuwa ya kipimo: asome maagizo ya kazi, ahesabu, aandike jina lake, asali. Zaidi ya hapo ilionekana ni kumtafutia matatizo.

Lakini mtu akishajua kusoma, nani atamwambia aishie ukurasa gani? Mwaka 1934 lilitokea Elisabethville, Lubumbashi ya leo, gazeti lililoitwa Ngonga. Mwanzilishi wake alikuwa Mbelgiji, Auguste Verbeken, ila waliolijaza kwa barua zao walikuwa makarani na wafanyakazi wa Kikongomani, wakiandika juu ya ndoa, mishahara na maisha ya mjini. Halikudumu. Lilitosha hata hivyo kuonyesha kwamba wasomaji walikuwapo, na kwamba walikuwa na la kusema.

Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya koloni iliona afadhali iwalishe wasomaji hao yenyewe kuliko kuwaacha wajitafutie. Mwaka 1945 likaanza Léopoldville jarida la La Voix du Congolais, chini ya uhariri wa mshairi Antoine-Roger Bolamba, likiwalenga wale walioitwa évolués: makarani, walimu, wauguzi. Katika miaka hiyo zikafunguliwa maktaba ndogo "kwa ajili ya wenyeji" kwenye vituo vya utawala na kwenye kambi za makampuni makubwa. Msomaji asifikirie majumba ya ghorofa. Ilikuwa rafu katika chumba cha klabu, meza, na vijitabu vya dini, afya, adabu na malezi. Wajesuti wa Leverville walikuwa wakichapa tangu mwaka 1943 mfululizo mzima wa vijitabu vya namna hiyo, Bibliothèque de l'Étoile. Mzungu alikuwa na klabu yake na vitabu vyake upande wa pili wa mji. Ubaguzi uliogawa nyumba na hospitali uligawa na vitabu.

Kulikuwa na mgawanyo mwingine ambao haukuandikwa mlangoni. Kiswahili kilikuwa lugha ya kambi: ndicho alichoamuru nacho kapita, yaani msimamizi wa kazi, ndicho alichohubiri nacho padri, ndicho alichoulizia bei mama sokoni. Kitabu kilikuwa Kifaransa. Yaani lugha iliyomfaa mtu kwa kazi na kwa sala haikutarajiwa kumfaa kwa kusoma akiwa amejinyoosha Jumapili mchana. Ng'ambo ya mashariki mambo yalikwenda njia nyingine. East African Literature Bureau, iliyoanzishwa mwaka 1948, ilichapisha vitabu kwa Kiswahili na lugha nyingine za huko, ikavituma vijijini kwa masanduku na kwa posta. Tanganyika ilipopata uhuru, sheria ya huduma za maktaba ilipitishwa mwaka 1963, na tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere akafungua Maktaba Kuu ya Taifa pale Dar es Salaam. Kenya ilikuwa na sheria yake mwaka 1965. Maktaba zao zina upungufu mwingi, hilo twalijua, lakini ni za umma kwa mujibu wa sheria, na sheria haifi bei ya shaba inapoporomoka.

Union Minière nayo haikulala. Mwaka 1957 ilianzisha jarida lake, Mwana Shaba, kwa Kifaransa na kurasa za Kiswahili, likagawiwa kwa wafanyakazi. Baadaye vijana wakapata la kwao, Mwana Shaba Junior, lenye hadithi za picha. Nadhani hakuna kitabu cha maktaba yoyote ya Katanga kilichosomwa na watu wengi kama jarida hilo, kwa sababu rahisi: liliingia nyumbani. Halikuhitaji mtu avae shati jeupe aende kuomba ruhusa ya kuliazima. Lilisifu kampuni, hilo halikufichwa. Usalama kazini, usafi, mfanyakazi hodari. Hata hivyo lilizoesha macho ya familia nzima kusoma, akina mama na watoto wakiwamo.

Kisha watu wakajiandikia. Kolwezi ndiko alikohamia Padri Placide Tempels, Mfransisko ambaye kitabu chake La Philosophie bantoue kilichapwa Elisabethville mwaka 1945 na kuleta kelele hadi Ulaya. Hapo, mwaka 1953, miongoni mwa familia za wachimbaji, ilizaliwa Jamaa, harakati ya kidini iliyofundisha kwa Kiswahili cha kambini mambo ambayo wasomi walidhani yanafundishika kwa Kifaransa na Kilatini tu. Nalo kundi la watumishi wa zamani wa majumbani mwa Wazungu kule Elisabethville lilifanya jambo ambalo hata chuo kikuu hakikuwa kimelifanya: mwaka 1965 lilitoa historia ya mji wao kwa Kiswahili, iliyoandikwa na André Yav, kwa jina la Kifaransa, Vocabulaire de la ville de Elisabethville. Humo mpishi na boi wa nyumba wanawasimulia mabwana zao, badala ya mabwana kuwasimulia wao.

Kijitabu hicho kiliifikiaje dunia? Mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyekuja Kolwezi mwaka 1966 kuichunguza Jamaa, ndiye baadaye aliyekichapa Ulaya mwaka 1990 pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Leo mwanafunzi wa Amsterdam anakifikia kwa urahisi zaidi kuliko mwanafunzi wa Manika, komini ya hapa Kolwezi. Simlaumu Fabian, bila yeye pengine kingeliwa na mchwa. Ila inauma.

Aliyelipa jina jambo hili la wengine kutusimulia ni mtoto wa ukanda huuhuu wa shaba. Valentin-Yves Mudimbe alizaliwa Likasi mwaka 1941, akalelewa na Wabenedikto tangu utotoni, akafundisha Lubumbashi kabla ya kukimbilia Marekani utawala wa Rais Mobutu ulipombana. Katika The Invention of Africa ya mwaka 1988 alizungumzia "maktaba ya kikoloni": rundo zima la maandishi ya wasafiri, wamisionari na watawala lililoamua Afrika ni kitu gani kabla Mwafrika hajafungua mdomo. Alifariki Aprili 2025, naye alikuwa ameshavitoa vitabu vyake mwenyewe kwa Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Ni zawadi kubwa, lakini iko Lubumbashi, na ni ya chuo.

Tarehe 1 Januari 1967 Mobutu aliitaifisha kampuni, ambayo hatimaye ikaitwa Gécamines. Bendera ilibadilika, mtindo ukabaki: shule bora ni za Gécamines, hospitali ni ya Gécamines, klabu ni ya Gécamines. Familia za Kolwezi hazikuona sababu ya kuidai serikali maktaba, kwa kuwa kampuni ilikuwa baba na mama. Mei 1978 waasi wa FNLC waliuteka mji, askari wa miamvuli wa Ufaransa wakashuka, mamia ya watu wakauawa, na wataalamu wengi wa kigeni hawakurudi tena. Hilo lilikuwa jeraha. Kifo chenyewe cha kampuni kilikuja polepole. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka. Miaka michache baadaye uzalishaji ulikuwa chini ya tani 50,000.

Katikati ya anguko hilo, mwaka 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo. Walirundikana kwenye vituo vya treni vya Likasi na Kolwezi wakisubiri mabehewa, na wengi walifia hapohapo. Siasa ya tukio lile imeandikwa sana. Kinachosahaulika ni kwamba miongoni mwao walikuwa walimu, makarani na wahasibu, watu waliofanya kitabu kuwa kitu cha kawaida mtaani. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoshwa kwa mpango wa "kuondoka kwa hiari" uliofadhiliwa na Benki ya Dunia. Mzee aliyepokea kiinua mgongo kile alikuwa na karo ya watoto ya kulipa, siyo rafu ya kujaza.

Kolwezi ni mji mkuu wa mkoa wa Lualaba tangu mwaka 2015, na Kongo inatoa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia, sehemu kubwa kutoka ardhi hii. Tangu Septemba 2019 shule za msingi za serikali hazitozi ada, madarasa yamefurika, na vitabu havijaongezeka kwa kasi hiyo. Rafu za shule na vyuo zipo, lakini ni za wanafunzi wa shule na vyuo hivyo. Kijana aliyeacha masomo akaingia machimbo ya Kasulo, mama anayetaka kumsomea mwanawe, mzee wa Gécamines anayetafuta gazeti, hao rafu hizo si zao.

Pesa za kuwajengea hao maktaba safari hii haziko mkononi mwa kampuni peke yake. Sheria ya madini iliyorekebishwa Machi 2018 inaipa komini au sekta yenye mgodi asilimia 15 ya mrabaha, na mkoa asilimia 25. Tena inailazimu kila kampuni kutenga asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakazi wanaoizunguka. Wanaopanga matumizi hayo hukimbilia barabara, zahanati na madarasa, na hakuna mtu mwenye akili atakayepinga zahanati. Lakini maktaba ya umma haihitaji mengi: chumba chenye mwanga hadi saa mbili usiku, paneli za sola kwa siku umeme unapokatika, viti, maji, choo, kompyuta chache, vitabu vya kiada vya kila darasa, magazeti, na ukuta mzima wa vitabu vya Kiswahili, kuanzia cha Yav. Inahitaji pia mkutubi anayelipwa mshahara kila mwezi. Hapo ndipo miradi ya hisani hufia, kwa sababu mfadhili hupenda kukata utepe kuliko kulipa mshahara. Na ijengwe mahali ambapo hapatachimbwa, kwa maana mjini kwetu nyumba huvunjwa kwa ajili ya madini yaliyo chini yake.

Wakuu wa komini za Dilala na Manika, na wawakilishi wa wakazi wanaokaa kwenye kamati zinazosimamia fedha za asilimia 0.3, waiandike maktaba hiyo katika bajeti ijayo, kwa jina la komini na siyo la kampuni yoyote.