Pesa ya Shosho Iko Kwa MMF: Vile Huchotwa na Vile Utailinda

Ukisikia mzee ameibiwa, akili yako inaenda moja kwa moja kwa wale matapeli wa kupiga simu wakisema umeshinda gari. Hao wako. Lakini pesa iliyowekezwa, iwe MMF, hisa ama Sacco, mara nyingi hutolewa na mtu anayejua PIN. Na anayejua PIN ni nani? Ni mjukuu. Ni yule binamu fundi wa simu. Pengine ni wewe.

Cheki vile huanza. Mathe amestaafu, doo yake imeingia yote mara moja, mnamfungulia akaunti. Hana email, unaweka yako. Simu yake ni mulika mwizi, kwa hivyo app inakaa kwa yako. Taarifa zote za akaunti zinakuja kwako, namba ya kuthibitisha pia inakuja kwako, na yeye amebaki na imani tu. Siku kodi ya nyumba inakusumbua ama bet imekuchapa, hakuna mtu katikati wa kukushika mkono.

Kampuni nyingi hulipa tu kwa benki ama laini yenye jina la mwenye akaunti. Poa, lakini mwizi pia anajua hiyo, ndiyo maana anaanza na laini. Kama mzee yuko Safaricom, piga *100*100# ukitumia simu yake, uifunge isifanyiwe sim swap kiholela.

Kinga kubwa iko kwa fomu. Kuna mahali unaulizwa nani anaweza kutoa pesa: yeyote kati yenu, ama wote pamoja. Wasee huchagua ya kwanza juu ni rahisi. Chagua ya pili, halafu taarifa ziende pia kwa mtu wa tatu asiye na uwezo wa kutoa hata bob. Uliza vizuri kama huyo wa pili ni wa kuweka saini tu ama ni mmiliki mwenza. Shosho akiaga, tofauti hiyo ndiyo huleta kesi.

Kuandikwa mrithi hakukupi ruhusa ya kugusa pesa akiwa hai. Na ile hati ya wakili ya kukupa mamlaka ya kumwakilisha, kisheria hapa Kenya huisha nguvu akipoteza uwezo wa kuamua. Hapo familia huenda kortini chini ya Sheria ya Afya ya Akili, iteue msimamizi. Kwa hivyo panga mapema, akiwa bado yuko fiti.

Marekani, tangu 2018 mawakala wa hisa huuliza mteja jina la mtu wa kuaminika wa kupigiwa, na wanaweza kuzuia malipo ya mteja wa miaka 65 na zaidi wakishuku ananyonywa. Wewe unaweza kujaribu hivyo: shosho aandikie kampuni barua na kuweka saini, aombe wapigie mtu fulani kabla namba ibadilishwe ama kiasi kikubwa kitoke. Waulize kama watakubali.

Na kama imeshaenda? Familia nyingi husema "tutamalizia hii nyumbani", na pesa nayo inamalizwa hapo hapo. Andikia kampuni leo wasimamishe akaunti, uitishe rekodi za kila malipo. Kisha nenda polisi upewe namba ya OB. Malalamishi ya MMF na hisa hupelekwa CMA, ya Sacco ni SASRA. Nenda na shosho mwenyewe, maana akaunti ni yake.